Mpiga Udi na Mali Yake: Funzo Kutoka Bendi ya Munich

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila nikisikia udi unalia katika harusi za hapa Pwani huukumbuka usemi huu, kwani sijui mali iliyoliwa bila daftari kuliko nyimbo zetu. Leo nataka kuzungumza na wasomaji juu ya bendi moja ya Ujerumani ambayo wengi wetu hawajapata kuisikia. Nataka tupime mwendo wake na mwendo wetu, tuone nani aliyepotea njia.

Bendi hiyo yaitwa Embryo, na jina hilo maana yake ni kiumbe kilicho bado tumboni mwa mama. Ilianzishwa mjini Munich mwaka 1969 na Christian Burchard, mpiga dramu na vaibrafoni aliyezaliwa 1946 katika mji wa Hof. Kabla ya hapo Burchard alikuwa amepiga pamoja na Mal Waldron, mpiga piano Mmarekani mweusi aliyehamia Ulaya. Muziki wao ulikuwa mchanganyiko wa jazi na roki. Magitaa ya umeme na dramu zilitoka kwenye roki, saksafoni na ule uhuru wa kila mpigaji kuzua lake papo hapo ukatoka kwenye jazi. Kipande kimoja huweza kuchukua muda mrefu, sauti zikipanda na kushuka, huyu akimwachia yule nafasi, kama vile katika taarabu mpiga fidla anavyomwachia mpiga kanuni.

Katika miaka yao ya mwanzo walirekodi na makampuni ya watu wengine. Santuri yao ya kwanza, Opal, ilitoka 1970 chini ya Ohr. Baadaye wakapitia United Artists, kisha BASF. Ingekuwa bendi nyingine ingetosheka, kwa maana kijana mwenye santuri dukani hujiona amefika. Lakini wao walikwisha kuona kwamba mwenye kampuni ndiye aamuaye kipi kitoke na lini, na ndiye ashikaye hesabu.

Basi mwaka 1976 Embryo walikaa kitako na bendi nyingine za Kijerumani, zikiwamo Missus Beastly, Sparifankal na Ton Steine Scherben, wakaunda lebo yao wenyewe wakaiita April. Punde jina likabadilishwa likawa Schneeball, yaani donge la theluji. Kwetu hakuna theluji, lakini maana yaeleweka: donge dogo likibingirishwa huzidi kukua. Lebo hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza Ujerumani kumilikiwa na wanamuziki wenyewe. Hawakungoja tajiri aje kuwaokoa. Waliunganisha nguvu, na nyimbo zikabaki mikononi mwa waliozipiga.

Hilo ni funzo la kwanza. La pili ni la adabu, nalo latuhusu sisi Waislamu wa Pwani kwa njia ya pekee.

Mwaka 1978 Embryo walipakia vyombo vyao na watu wao ndani ya mabasi, wakashika njia ya nchi kavu kuelekea mashariki. Walipita Uturuki, wakapita Iran iliyokuwa tayari inatokota kwa mapinduzi, wakafika Afghanistan, kisha Pakistan na India. Safari iliendelea hata 1979. Popote walipofika waliwatafuta mafundi wa pale wakapiga nao. Mjini Kabul walikaa na wanamuziki wa Kiafghani, na huko India wakapiga na chuo cha wapiga ngoma cha Karnataka. Sauti za safari hiyo wakazitia katika santuri mbili zilizotoka pamoja mwaka 1979 kwa jina la Embryo's Reise, yaani Safari ya Embryo, na lebo iliyozitoa ni ile ile yao ya Schneeball. Filamu nayo ilipigwa, iitwayo Vagabunden Karawane.

Wazungu waliochukua sauti za Mashariki ni wengi. Wengi wao walisikia mlio mmoja katika kanda, wakaunyofoa na kuutia katika wimbo wao kama mtu atiaye chumvi. Hawa walikwenda wenyewe hadi mlangoni kwa mwalimu. Mpiga gitaa wao, Roman Bunka, aliupenda udi hata akaufanya chombo chake, akajifunza maqamu, na baadaye akapiga na mwimbaji maarufu wa Misri, Mohamed Mounir. Bunka alifariki mwaka 2022, akiwa Mjerumani aliyeheshimiwa Cairo kwa udi. Huko ndiko kukopa kwa adabu.

Adabu hiyo si ngeni kwetu. Kwani taarabu yenyewe ilitoka wapi? Wazee wametuhadithia jinsi Sultani Barghash wa Unguja alivyompeleka Mohammed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliichukua sauti hiyo ya Kiarabu akaitia Kiswahili na mambo ya watu wa kawaida. Hapa Mombasa Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alizivika tuni za Kihindi mashairi ya Kiswahili hata ukasahau zilikotoka. Na Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki 2016, alikuwa na udi usemao Kiarabu na Kiswahili kwa mara moja. Kwa hiyo katika kuchanganya hatuna la kujifunza kwa Munich. Sisi tulikuwa mabingwa wa kazi hiyo kabla Burchard hajazaliwa.

Tulikoshindwa ni kwenye daftari.

Kwa miaka mingi desturi ya mji wetu ilikuwa hivi. Mwimbaji huingia dukani, huimba nyimbo zake mbele ya mashine, hupewa fedha kidogo mkononi, na kuanzia hapo nyimbo si zake tena. Kanda husambaa toka Lamu hadi Vanga, huvuka hata Maskati na Dubai, huchezwa katika kila harusi, naye mtunzi amekaa barazani hana hata nauli ya kwenda hospitali. Siwalaumu wenye maduka peke yao. Wao ni wafanya biashara, na bila wao nyimbo nyingi zisingehifadhiwa kabisa. Kosa kubwa ni kwamba wenye vipaji hawakuketi pamoja hata siku moja wakaandika mkataba mmoja na kusema: chini ya hapa hatuimbi.

Najua yuko msomaji atakayeniambia kwamba muziki wenyewe una hitilafu baina ya wanazuoni, sasa mbona nautetea? Katika fatwa siingii, kwani si elimu yangu. Nasema tu kwamba katika mji huu huu, watu wale wale wanaotikisa vichwa kwa udi usiku ndio wasemao asubuhi kuwa mpigaji hastahili malipo kwa kuwa kazi yake ni upuuzi. Hayo mawili hayaendi pamoja. Dini yetu imetuhimiza kumlipa mtu wa kazi kabla jasho lake halijakauka. Ukimwita, umemtumia. Ukimtumia, mlipe.

Wengine watasema siku hizi santuri na kanda zimekwisha, kila kitu kiko katika simu, kwa hiyo lebo za nini? Mimi naona ndiyo sababu zaidi ya kuamka. Nyimbo za wazee wetu zinatiwa katika mitandao na watu wasiojulikana, na atiaye ndiye apataye chochote kinachopatikana. Kenya ina Sheria ya Haki Miliki ya mwaka 2001, na iko bodi ya kuisimamia. Lakini sheria haimtafuti mtu nyumbani kwake. Asiyeandikisha wimbo wake atathibitishaje kuwa ni wake?

Rai yangu ni kwamba vikundi vyetu vya taarabu, na vijana wanaochanganya chakacha na jazi, wafanye kama walivyofanya wale wa Munich. Vikundi vitano au sita viungane viwe na ushirika mmoja, daftari moja na mkataba mmoja. Kwanza waziandike nyimbo zote, na jina la mtunzi wa maneno na la mtunzi wa tuni. Kisha watafute kanda za zamani zilizomo masandukuni mwa familia, zipigwe nakala kabla ya unyevu wa bahari kuzila. Warithi wa marehemu nao wapewe sehemu yao, maana mirathi ni haki. Kazi hii haitaki mamilioni, yataka watu wanaoaminiana.

Burchard alifariki Januari 2018, lakini Embryo haikuzikwa naye. Binti yake, Marja Burchard, mpiga vaibrafoni kama baba, ndiye anayeiongoza, na mwaka 2021 walitoa santuri iitwayo Auf Auf. Amerithi jina, vyombo na kazi iliyoandikwa, akaendelea. Ni watoto wangapi wa waimbaji wetu waliorithi kitu zaidi ya picha ukutani? Mcheza kwao hutuzwa, lakini tuzo ya noti moja usoni usiku wa harusi haitoshi. Wenye vipaji na waketi mwaka huu, waandike.