Kabla ya kudai kilo za haki, tuhesabu pointi za haki

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wa kusafisha mawe,

Ile mbuzi ya tarehe 1 Mai ya mwaka jana, wengi wetu tungali tunaikumbuka. Ilifungwa kwenye muti wa maembe tangu asubuhi, na kamba nyekundu ku shingo, ikingojea kikundi ambacho kitashinda kwenye shindano letu la kupiga shabaha na mupira. Magaribi ilikuwa ingali palepale, inakula majani, na sisi tulikuwa njiani kupeleka kijana mmoja ku dispansere, kichwa kimepasuka. Ile siku hakuna aliyeonja nyama.

Kwa wale ambao hawakuwapo, tueleze. Tulitundika pine tatu za gari kwenye gôli: moja kubwa katikati, yenye pointi 3, na mbili ndogo kwenye pembe, kila moja pointi 5. Vikundi sita, vimetoka kwenye mashimo sita. Kila mupigaji alipewa mipira kumi. Mchezo mzuri, wa bei ndogo, watoto na wazee wote walicheka. Lakini mpaka mwisho vikundi viwili vilibaki karibu sawa, na mupira wa mwisho ukagusa ukingo wa pine ndogo, ukazunguka, ukaanguka nyuma. Wamoja wakapiga kelele: tano! Wengine: sifuri! Tukauliza daftari. Mwenye kuandika alikuwa mutu wa kimoja cha vile vikundi viwili, aliandika juu ya goti lake tangu asubuhi, na tulipofungua tukakuta ukurasa umefutwa-futwa mara nyingi mpaka karatasi imetoboka. Matusi yakaanza, kisha mawe.

Tuseme kweli, sisi wa sindika. Kosa lilikuwa letu. Yule mwandishi, sisi njo tulimuweka. Ile sheria ya ukingo wa pine, sisi njo tulisahau kuiandika. Vijana walirusha mawe, hiyo si vizuri hata kidogo, lakini mawe yalianzia kwenye daftari yetu.

Na hasara haikuishia ku dispansere. Wiki tatu kisha, tuliita mukutano juu ya balanse. Munajua habari yenyewe: mufuko unatoka shimoni na kilo 50, unafika kwenye depo moja, unasoma 46. Tulitayarisha barua ya kuomba balanse ya pili, ya ushahidi, iwekwe mbele ya macho ya muchimbaji. Ilihitaji saini za mashimo yote sita. Watu wa shimo moja hawakuja. Walisema: "Hatuwezi kutia saini pamoja na wezi wa pointi." Barua ilienda na saini za mashimo matano, na mukubwa wa depo aliisoma akacheka, akauliza: "Na wale wengine, wao wanaona balanse iko sawa?" Njo maana leo tunaandika juu ya mchezo. Ule mchezo ulitunyima barua.

Tangu hapo tumetafuta kujua namna watu wengine wanahesabu shabaha bila kupigana. Na wale ambao wametufundisha zaidi ni watu wa mashindano ya bunduki. Mutashangaa. Sisi wa Kalemie, na bunduki! Muji huu wenyewe ulianza kama kituo cha waaskari, mwisho wa mwaka 1891. Katika vita ya kwanza ya dunia, ndege za Wabeleji ziliruka kutoka hapa kwetu kwenda kupiga meli ya Wadachi kule Kigoma, mwaka 1916. Na bila kwenda mbali, miaka ya 2016 na 2017 tuliona wakimbizi wa Nyunzu na wa vijiji vya karibu wakijaa kando ya muji, chini ya mashiti. Silaha mu nchi yetu inaongozwa na sheria ya mwaka 1985, na hakuna hata mutu mumoja kati yetu anayeota kuleta bunduki ku sikukuu ya watoto. Abaki nazo yule mwenye ruhusa. Tunaomba kwao kitu kimoja tu: namna yao ya kuhesabu.

Angalieni. Kwenye shindano la bunduki ya hewa, la metri 10, ile alama ya pointi 10 ni kitone cha nusu milimetri, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kirisasi chenyewe kina milimetri 4,5. Sasa wafikirie wanagombana namna gani juu ya ukingo! Lakini hawagombani, kwa sababu sheria iliandikwa zamani: kirisasi kikigusa mustari wa duara, hata kwa kidogo sana, mupigaji anapewa pointi ya juu. Wakiwa na mashaka kwenye karatasi, wanaingiza kipimo cha chuma ndani ya tundu, wanaangalia kama kinagusa mustari. Kelele ya washabiki haiingii pale.

Kule Bisley, Uingereza, ambako wanashindana tangu mwaka 1890, kuna jambo lingine ambalo lilitufurahisha. Wapigaji wanalala pamoja wawili au watatu, na mumoja akipiga, mwenzake njo anaandika karatasi yake. Ndiyo, mushindani anaandika pointi za mushindani! Kisha kila risasi, ile shabaha inashushwa, watu walio ndani ya handaki wanatia kisahani kwenye tundu, wanaipandisha tena, na kila mutu anaona kwa macho risasi imeingia wapi na ni pointi ngapi. Mwandishi anaitangaza kwa sauti. Mwisho karatasi inatiwa saini. Nani ataficha nini hapo?

Na wakipata pointi sawa? Kule Bisley, katikati ya duara la pointi 5 kuna duara lingine dogo zaidi. Nalo ni pointi 5 tu, lakini linahesabiwa pembeni, na wakifungana, yule ambaye alipiga ndani mara nyingi njo anashinda. Mwaka 1976, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Kanada, Wamarekani wawili walifungana na pointi 1162 kila mumoja: Lanny Bassham, mwanaume, na Margaret Murdock, mwanamuke. Siku zile wanaume na wanawake walishindana pamoja. Sheria ya kufungua ilimupa Bassham dhahabu, na Murdock fedha. Hakuna aliyevunja kitu. Na wakati wa wimbo wa taifa, Bassham alimuvuta Murdock wakasimama pamoja pale juu ya ngazi ya kwanza. Sheria ilifanya kazi yake, kisha moyo wa mutu ukafanya yake. Lakini sheria ilianza.

Tutoe mufano wa mwisho, wa uchungu. Athens, mwaka 2004. Matthew Emmons wa Marekani anaongoza kwa pointi tatu, imebaki risasi moja. Anapiga, lakini kwenye shabaha ya jirani yake! Waamuzi wakaangalia, wakasema: sifuri. Kutoka wa kwanza, akashuka mpaka wa nane, na dhahabu ikaenda kwa Muchina Jia Zhanbo. Dunia yote iliona kwamba huyu mutu anajua kupiga. Ingekuwa kwetu, tungesema "muhurumieni", na vita ingeanza. Yeye alikubali, kwa sababu kila mupigaji alijua ile sheria mbele ya kuingia uwanjani. Na magaribi ile, mwanamuke mumoja mupigaji, wa nchi ya Ucheki, alikuja kumupa pole. Baadaye wakaoana. Kwa hiyo hata sifuri iko na baraka yake, kama imehesabiwa kwa haki.

Sasa turudi ku pine zetu. Kwa tarehe 1 Mai inayokuja, tunaleta mapendekezo haya, na tunaomba muyajadili kwenye kila shimo mbele tuyapitishe.

Kwanza, sheria ziandikwe ukurasa mumoja, kwa Kiswahili, zisomwe kwa sauti wiki moja mbele, kisha zibandikwe. Juu ya ukingo: mupira ukigusa pine na kupita ndani, hata kwa kuzunguka, pointi inahesabiwa. Ukigusa na kurudi mbele, sifuri. Tunaweza kuchagua tofauti, haidhuru, mradi tuchague mbele ya mupira wa kwanza.

Pili, daftari. Mutu wa kikundi chako haandiki pointi zako. Kikundi cha 1 kinaandika cha 2, cha 2 kinaandika cha 3, na vile vile mpaka kuzunguka. Hakuna kufuta: ukikosea, piga mustari mumoja, andika pembeni, na makapiteni wawili watie saini. Asiyejua kuandika atie kidole. Sisi wachimbaji tunajua kidole maana yake nini.

Tatu, kila mutu aone. Kila mupira ukipigwa, mutu anayesimama kando ya gôli ainue kartoni yenye namba: 0, 3 au 5. Mwandishi aiseme kwa sauti. Ubao mukubwa wa chaki uwe mbele ya watu, na si juu ya goti la mutu.

Nne, zamu. Mwaka jana kikundi cha kwanza kilimaliza mipira yake yote asubuhi, hewa imetulia. Cha mwisho kilipiga saa tisa, upepo wa ziwa unasukuma mupira na jua liko machoni. Hiyo si sawa. Tupige mipira miwili miwili kwa kila zunguko, na zamu ichaguliwe kwa kura. Upepo ukija, uwe wa wote.

Tano, kufungana. Tuhesabu kwanza nani aligusa pine ndogo mara nyingi. Wakiwa bado sawa, kila mumoja mupira mumoja, mpaka mumoja akose.

Sita, malalamiko. Kapiteni peke yake njo analeta lalamiko, palepale, mbele ya mupira unaofuata. Kwenye mashindano ya bunduki, anayelalamika analipa kitu kidogo, na akiwa na haki anarudishiwa. Nasi tufanye hivyo: franga kidogo, ya kuzuia kelele za bure, isiyozidi uwezo wa mutu. Wasikilizaji watatu, wa vikundi vingine, waamue. Kisha wakiamua, imeisha.

Saba, kamba na filimbi. Mwenye filimbi akisema "simama", hata mupira uko mbele ya muguu, unaacha. Watoto nyuma ya kamba. Kule kwenye bunduki neno hilo njo linaokoa maisha. Kwetu litaokoa meno na vichwa.

Na jambo la nane, ambalo wamoja wetu watanung'unika: wamama wapige. Mwaka jana walipika bukari tangu alfajiri na hakuna hata mumoja aliyeulizwa kama anataka kupiga mupira. Wanasafisha mawe pamoja nasi, mikono mu maji siku muzima, na kwenye balanse wanaibiwa sawa na sisi. Mutu mwenye kuibiwa pamoja na wewe, mucheze pamoja na wewe. Sufuria tutaipangia zamu vile vile.

Tunajua watakaosema: "Sindika imekosa kazi? Bei ya koltani inashuka, barabara imekufa, mashimo yanajaa maji, na ninyi munatuletea habari ya pine!" Ndugu, tunawaelewa. Lakini fikirieni muzani. Mukubwa wa depo anafanya nini kwa sisi? Anasoma balanse peke yake. Anaandika peke yake. Daftari iko juu ya goti lake. Sheria ya kukata kilo kwa sababu ya unyevu au uchafu, anaitoa wakati mufuko umekwisha kufika. Ukilalamika, hakuna wa kusikiliza. Sasa, sisi tulifanya nini tarehe 1 Mai? Ni kitu kilekile. Tulikuwa depo ndogo, na zawadi yake ilikuwa mbuzi.

Tunataka balanse inayosomwa mbele ya macho ya watu wawili, karatasi yenye saini mbili, sheria iliyobandikwa mbele, na mahali pa kulalamika. Hayo manne yote tunaweza kuyafanya ku mchezo wetu, bila kuomba ruhusa kwa mutu, bila pesa nyingi: kartoni, kamba, chaki, filimbi, daftari mpya. Kijana ambaye amezoea kuona kartoni ikiinuliwa kwa kila mupira, siku ataingia depo atauliza: "Na kartoni yangu iko wapi?" Huyo hatadanganywa kwa urahisi.

Kwa wenzetu wa lile shimo la sita, ambao hawakutia saini: tunaomba musamaha, mbele ya wasomaji wote. Hatujui kama mupira wenu uliingia ao haukuingia, na hatutajua tena. Lakini tunajua kwamba hamukuhesabiwa vizuri, na hiyo inatosha kwa kuomba musamaha. Kujeni ku mukutano wa kutayarisha. Tumewachagulia kazi tayari: ninyi njo mutashika daftari ya kikundi chetu sisi wa komite.

Barua ya balanse tutaiandika upya. Nafasi ya saini yenu tumeiacha wazi.