AFYA YA JAMAA: Sindano ya Tumboni na Damu Inayoganda

Mtu anayemwuguza ndugu yake mwenye Korona kali hospitalini aweza kushangaa akiona jambo hili: mgonjwa ana taabu ya kifua, lakini mwuguzi amchoma sindano ndogo tumboni, leo na kesho na kesho kutwa. Atajiuliza: "Mbona ugonjwa u kifuani, na dawa yatiwa tumboni?" Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu. Maana mtu asiyeelewa aweza kuikataa sindano, na mwingine aliyeelewa nusu tu aweza kujinunulia dawa sokoni na kumdhuru mgonjwa wake.

Kwanza tujue kwamba kuganda kwa damu ni jambo jema. Mtoto akijikata kwa kisu, damu hutiririka kidogo, kisha huganda na kuwa kizibo juu ya jeraha. Bila kizibo hicho angeweza kufa kwa jeraha dogo. Ubaya huanza pale damu inapoganda ndani ya mshipa mahali pasipo na jeraha lo lote la kuzibwa. Bonge la namna hiyo huizuia damu isipite. Likiwa katika mguu, mguu huvimba. Likiwa katika ubongo, huleta kiharusi. Tena katika karne ya 19 mganga Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha kwamba bonge laweza kung'oka katika mshipa wa mguu, likachukuliwa na damu hata mapafuni, na kuziba mishipa ya huko. Ndipo mgonjwa hupungukiwa na pumzi ghafula, na pengine hufa upesi.

Waganga hutaja sababu tatu za damu kuganda pasipofaa. Ya kwanza, damu kwenda polepole, kama kwa mtu anayelala kitandani siku nyingi bila kujigeuza. Ya pili, ngozi laini ya ndani ya mshipa kuharibika. Ya tatu, damu yenyewe kuwa nyepesi ya kuganda kuliko desturi. Wanafunzi wetu wakizishika hizo tatu wataelewa mara moja kwa nini Korona ni adui mkubwa: yaweza kuzileta zote pamoja. Mgonjwa amelala, hana nguvu. Ugonjwa huidhuru ngozi ya ndani ya mishipa. Na mwili, katika kupigana na virusi kwa ukali mno, huifanya damu igande upesi. Mwaka 2020 wataalamu walichunguza mapafu ya watu 7 waliokufa kwa Korona, wakayalinganisha na mapafu ya watu 7 waliokufa kwa homa ya mafua. Katika mishipa myembamba ya wale wa Korona, mabonge madogo ya damu yalikuwa mengi mara 9 kuliko ya wenzao.

Sasa turudi kwenye sindano ile. Dawa iliyomo mara nyingi ni ya jamaa ya heparini. Mwaka 1916, katika mji wa Baltimore huko Marekani, mwanafunzi wa uganga Jay McLean alikuwa akitafuta kitu cha kuigandisha damu. Akapata katika ini la mbwa kitu kinachoizuia isigande. Jina heparini latoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya ini. Siku hizi hutengenezwa hasa kutoka matumbo ya nguruwe. Sindano huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, kwa kuwa hapo pana mafuta, na dawa huingia katika damu polepole. Kisha huenea mwilini mwote, hata mapafuni. Haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Huzuia lisikue na mengine yasizaliwe, ili mwili wenyewe upate nafasi ya kuliondoa.

Lakini hapa ndipo penye jambo kubwa tunalotaka likumbukwe. Heparini ina vipimo viwili: kipimo kidogo cha kukinga, na kipimo kikubwa cha kutibu bonge lililokwisha kuonekana. Wengi walidhani kwamba, kama kidogo ni chema, kikubwa ni chema zaidi kwa kila mtu. Majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha sivyo. Kati ya wagonjwa 2,219 waliolazwa lakini hawajazidiwa, waliopata kipimo kikubwa walinufaika: 80 katika 100 walitoka hospitalini bila kuhitaji mashine ya kuwasaidia kupumua wala msaada mwingine wa namna hiyo, na kwa wenzao 76. Bali kati ya wagonjwa 1,098 waliokuwa mahututi, kipimo kikubwa hakikuwafaa kitu, na waliotokwa na damu vibaya walikuwa wengi zaidi. Dawa ni ile ile, ugonjwa ni ule ule; saa ya ugonjwa ndiyo iliyobadilika.

Na aspirini je? Mwaka huo huo yalitangazwa matokeo ya jaribio lililoongozwa kutoka Uingereza, lenye wagonjwa 14,892. Waliopewa aspirini na wasiopewa walikufa sawasawa, 17 katika 100, kabla ya siku 28 kwisha. Basi kumnywesha mgonjwa wa Korona aspirini ya sokoni ili damu yake isigande ni kumwongezea hatari ya kutokwa na damu bila kumpunguzia hatari ya kufa. Lakini mtu aliyekwisha kuandikiwa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache kwa shauri lake mwenyewe.

Jamaa yaweza kufanya nini? Mengi. Mwambieni daktari mapema kama mgonjwa ana vidonda vya tumbo, au ana mimba, au amewahi kutokwa na damu nyingi au kupata bonge la damu. Mkiruhusiwa, msaidieni kukaa, kukunja na kunyosha miguu, na kutembea hatua chache. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na moto, msiukande wala kuusugua, mwiteni mwuguzi. Pumzi ikikatika ghafula, kifua kikichoma au makohozi yakiwa na damu, msingoje asubuhi. Na kama mgonjwa yu katika dawa hizi, choo kikawa cheusi, fizi zikatoka damu au mkojo ukawa mwekundu, semeni upesi. Akirudi nyumbani, angalieni dalili hizo hizo kwa majuma kadhaa, maana hatari haiishi siku ile ya kutoka hospitalini.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya hatari ya Korona duniani, lakini virusi vyenyewe havikutoweka, na damu huweza kuganda hivyo katika magonjwa mengine makali. Kwa hiyo siku mtakapoiona sindano ile, msiikatae, wala msiombe iongezwe. Mwulizeni daktari: "Hiki ni kipimo cha kukinga, au cha kutibu?" Daktari mwema atafurahi kuwajibu.