Mayai Yaenda Mjini, Vipande vya Protini Vyaliwa



Juma hili nina barua ya mama mmoja wa Mufindi, mkoani Iringa. Ni ndefu, nami nitatoa kiini chake tu. Mwanawe wa pili yuko chuoni mjini Mbeya. Ni kijana mwema, hanywi pombe, acheza mpira, na jioni huinua vyuma pamoja na wenzake. Tangu mwaka jana kila apigapo simu huomba fedha za kununua "protini baa", kwa maana ameambiwa ya kuwa ugali na maharage haviwezi kujenga mwili wa mwanamichezo. Mama hana mshahara. Ana kuku. Basi hukusanya mayai ya kienyeji mpaka yatimie thelathini, huyauza, na fedha huzituma kwa simu. Kijana hupata vipande viwili, na chenji ya nauli ya daladala. Mama auliza: je, vitu hivi vina faida kweli? Na kama vina faida, amnunulie pia mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu, ambaye uzito wake hauongezeki?

Mama, swali lako la kwanza ni jepesi. La pili ndilo lililonifanya niiweke barua hii mbele ya zile nyingine, nami nitalifikia.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Baa kwetu ni mahali pa pombe, na kwa wazee baa ni msiba, kwa hiyo hapa nitasema vipande vya protini. Ni kitu cha kutosha kiganjani, kimefungwa katika karatasi ya kung'aa, uzito wake kama gramu 50 au 60. Ndani mna unga wa protini, sukari au kitu kingine cha kuleta utamu, mafuta, mara nyingi karanga, na pengine chokoleti juu yake. Unga ule hutoka katika soya, au katika yale maji yanayobaki maziwa yakisha kugandishwa kuwa jibini. Ndugu zetu wa Njombe, ambako jibini hutengenezwa, wayajua sana maji hayo.

Mwaka 1986 Brian Maxwell, mkimbiaji wa marathoni kutoka Kanada, alianza kuuza vipande vya namna hii huko California, Marekani. Aliviita PowerBar. Hivyo vya kwanza vilikuwa vya kumpa mkimbiaji nguvu ya safari, chakula kisichomlemea tumboni. Vya protini vilienea baadaye. Basi vilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliye mbioni, asiye na jiko wala nafasi. Havikutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye debe la maharage ndani.

Protini ni ile sehemu ya chakula inayojenga mwili: misuli, damu, ngozi, hata nywele. Mtu mzima asiye mwanamichezo ahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 basi ahitaji gramu 48 kwa siku. Sasa chukua penseli. Kipande kizuri cha dukani kina gramu 20 za protini. Yai moja lina kama 6. Glasi ya maziwa ina 8. Maharage makavu gramu 100, yaani nusu kikombe hivi, yana kama 21, na karanga za uzito huo huo zina 25. Dagaa wakavu ndio wenye kushinda wote: gramu 100 zina kama 60. Usipa wa Ziwa Nyasa, wale wanaoanikwa kule Kyela, ni wa jamii hiyo ya vyakula, na twawadharau kwa sababu ni wadogo.

Haya, hesabu ya mama ni hii. Mayai thelathini yana gramu 180 za protini. Vipande viwili vina 40. Gramu 180 zimepanda basi kwenda sokoni, na zilizoliwa huko mjini ni 40. Hizo nyingine zimelipa karatasi ya kung'aa, meli, lori na faida ya mwenye duka. Simlaumu mwenye duka, naye ana watoto.

Kijana atajibu kwamba protini ya maharage si kamili. Amesikia neno la kweli, lakini amesikia nusu yake. Protini imeundwa kwa vipande vidogo vya namna nyingi, na mwili wavitaka vyote. Mahindi yana upungufu wa kimoja kiitwacho laisini. Maharage yana laisini tele, ila yamepungukiwa na kingine, ambacho mahindi yanacho. Ukivila vyote viwili, kila kimoja chamlipia mwenzake deni. Bibi zetu waliopika makande hawakulijua neno laisini, lakini sufuria yao ilikuwa na jibu hilo.

Ni kweli pia ya kuwa anayeinua vyuma ahitaji zaidi kuliko mtu aketiye ofisini, pengine mara mbili. Tuseme ana kilo 65 na ataka gramu 100 kwa siku. Azipate wapi? Ugali wa unga wa gramu 400 kwa siku nzima wampa kama 32. Maharage makavu gramu 150 yampa 31 au 32. Mayai mawili, 12. Glasi moja ya maziwa, 8. Dagaa gramu 30, konzi moja tu, 18. Jumlisha: zapita 100. Hakuna hata kimoja hapo kisichopatikana soko la Mwanjelwa. Shida ya kijana si protini. Shida yake ni kupika baada ya masomo, na haya mbele ya wenzake, kwa kuwa maharage yamepata jina baya la chakula cha shule na cha jela. Katika hilo namhurumia. Nami nilikula maharage ya shule yenye wadudu miaka minne.

Je, vipande hivi ni vibaya basi? Hasha. Msafiri wa kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam asiyependa kula njiani chakula asichokijua, muuguzi wa zamu ya usiku, mwanamichezo siku ya mashindano, hao kipande chaweza kuwafaa. Atakayenunua na asome karatasi kwa nyuma. Vitu vilivyotiwa huandikwa kwa kufuata wingi: ikiwa cha kwanza ni sukari au sharubati ya sukari, hiyo ni peremende iliyovaa koti la daktari. Atazame gramu za protini. Chini ya 10, afadhali karanga za kukaanga. Ikiwa protini yenyewe ni jelatini au kolajeni, ajue kwamba hiyo ndiyo isiyo kamili hasa, kwa maana hutolewa katika ngozi na mifupa. Akiona maltitoli au sorbitoli, ale kidogo, maana utamu huo huvuruga tumbo na kuleta gesi nyingi kupita maharage yoyote. Mwisho atazame tarehe ya kuisha na alama ya Shirika la Viwango, TBS.

Sasa mjukuu.

Mama, usimnunulie. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana meno ya kutafuna kitu kile, aweza kupaliwa nacho, na utamu wake utamfanya aukatae uji. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili, nami naliandika kwa uchungu kwa sababu lahusu nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watoto 30 katika 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Mkoa wa Iringa ulikuwa wa mbele kuliko yote: watoto 57 katika 100. Njombe ilifuata, nusu ya watoto. Mikoa yenye mahindi, viazi, maharage na maziwa! Maharage ya Mbeya yasifiwa Kariakoo, malori yayabeba usiku na mchana, na mtoto wa mkulima aonja mchuzi wake tu.

Watu wa Iringa wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba jambo hili liliwahi kushikwa kwa mikono miwili. Kuanzia mwaka 1983, serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, waliendesha kazi ya lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, na wanakijiji wenyewe wakaketi na kuulizana: huyu mbona hapandi? Jibu halikuwa daima kwamba chakula hakipo. Mara nyingi mama alikuwa shambani tangu alfajiri, mtoto akala mara mbili kwa siku pamoja na wakubwa, na uji wake ulikuwa maji matupu. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Haliwezi kuweka akiba ya siku nzima kwa milo miwili. Vijiji vikaanzisha mahali pa kuwalisha watoto wakati mama yuko kazini. Hadi mwaka 1988 watoto wenye utapiamlo mkali walikuwa wamepungua kutoka kama 6 katika 100 hadi kama 2. Hawakuletewa chakula cha karatasi ya kung'aa. Walilishwa mara nyingi zaidi, chakula kilichokuwapo.

Basi mama, yale mayai. Usiyauze yote. Katika kila saba, moja kwa siku libaki kwa mtoto huyo, lichemshwe mpaka liive, lipondwe katika chakula chake. Uji uwe mzito, usimwagike kwenye kijiko. Tia ndani karanga zilizosagwa laini, au maziwa, au unga wa dagaa. Maharage yapikwe hadi yalainike kabisa, uyaponde pamoja na ganda lake. Usimpe mchuzi ukafikiri umempa maharage. Yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe, nawe utaokoa kuni na gesi itapungua. Ale mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati, na aendelee kunyonya hadi atimize miaka miwili. Karanga nzima asipewe kabisa mpaka akue, kwa sababu hupalia.

Lakini kabla ya hayo yote mpeleke kliniki juma hili hili, na kadi yake. Kutopanda uzito kwaweza kuwa minyoo, malaria, au ugonjwa mwingine usiotibika kwa yai. Ukiona miguu imevimba, au amekataa kula, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali siku ile ile. Huko, kwa mtoto aliyedhoofika sana, wanacho chakula cha dawa kilichofungwa katika pakiti, cha karanga, maziwa, mafuta, sukari na vitamini. Mfaransa André Briend alikitunga pamoja na Michel Lescanne mwaka 1996, nacho kimeokoa watoto wengi. Hicho hutolewa kwa kipimo cha mganga. Ukikiona kinauzwa gengeni, kimeibwa kwa mgonjwa fulani.

Na kijana? Najua mama ni mama, utataka kumtumia kitu. Mtumie maharage kilo tano, dagaa wa kutosha, na kashata. Chukua vikombe viwili vya karanga. Zichague moja moja. Iliyokunjamana, yenye ukungu au chungu itupwe mbali na kuku pia, maana ina sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 ilitia msiba mkubwa Dodoma na Manyara, kwa mahindi. Zilizo safi zikaange, upepete maganda. Yeyusha kikombe kimoja cha sukari katika sufuria kavu, moto mdogo, mpaka iwe rangi ya asali. Mimina karanga, koroga upesi, tandaza kwenye ubao uliopakwa mafuta, ukate kabla haijapoa. Kipande cha gramu 60 kitakuwa na kama gramu 9 za protini, si 20, na sukari yake si haba, kwa hiyo ni kitafunio cha baada ya mpira, kisiwe chakula chake. Funga katika mfuko usiopitisha hewa, umpe dereva wa basi la asubuhi.