Uhamisho Umefika Tena!

Kama wewe au mwenzi wako ni mwalimu, askari, daktari au mtu wa benki, ile barua unaijua. Mistari michache tu: kuanzia tarehe fulani utaripoti kituo kipya. Hapo ndipo mnaanza kuuza makochi kwa bei ya kutupa, kuhangaika na shule ya mtoto na, tuseme ukweli, kununiana.

Katika miaka tisa ya ndoa yetu tumeishi Mtwara, Mwanza na sasa Dodoma. Kazi yangu ya uhariri inabebeka. Nikiwa na kompyuta na intaneti, maisha yanaendelea. Ya mume wangu ndiyo inayotubeba sisi.

Tuna marafiki walioishi miaka mitatu na maboksi hayajafunguliwa. "Si tutahamishwa tena?" Ukikaa kwako kama abiria wa stendi, hata ndoa inakuwa ya stendi. Hakuna anayetundika picha ukutani, hakuna anayemjua jirani, na hasira zote anamalizia mwenzako, maana ndiye mtu pekee unayemfahamu mji mzima.

Yeremia 29, mstari wa 11, unaujua. Upo kwenye vikombe, kadi za harusi na WhatsApp za watu. Lakini hebu anza juu kidogo. Ile ni barua kwa watu waliotolewa Yerusalemu kwa nguvu wakapelekwa Babeli. Alikuwepo nabii aliyeahidi kwamba mambo yangeisha ndani ya miaka miwili. Yeremia yeye anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee mema mji huohuo wasioupenda. Muda wenyewe? Miaka 70! Katika barua zote za uhamisho, hiyo ndiyo pekee ninayoipenda.

Sasa unaanzaje? Misa ya Jumapili inasaidia, masomo ya siku ni yaleyale Mtwara na Mwanza. Ila parokia kubwa ya mjini unaweza kusali miaka miwili bila mtu kujua jina lako. Kwetu Wakatoliki mlango ni jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa kanda hii ya Afrika walizitilia mkazo katika mkutano wao wa mwaka 1976. Familia chache za mtaa mmoja zinasali kwa zamu, nyumba kwa nyumba. (Walutheri nao wana jumuiya zao, na wenzetu Wapentekoste wana vikundi vya nyumbani.)

Hiyo zamu ndiyo yenye kazi. Wiki yetu ya tatu Dodoma mwenyekiti alinipigia: "Tumsifu Yesu Kristo, mama. Jumamosi tuko kwako." Nikamwambia hatuna viti. "Viti vinakuja na wenyewe." Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakaingia, huyu na kigoda, yule na mkeka. Baada ya sala mzee mmoja akakagua bomba letu na kutuambia siku za maji kutoka. Mama mwingine akaondoka na namba ya mume wangu, kumuunganisha na kwaya. Walikuwa na upungufu wa besi. Jioni ile huyo bwana, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema "nyumbani". Kabla ya hapo ilikuwa "kwenye ile nyumba".

Kwa hiyo kabla lori halijapakia, ombeni barua ya utambulisho parokiani, na muipeleke mnakokwenda wiki ya kwanza. Nendeni wote wawili. Akienda mmoja, mji unakuwa wa mmoja.

Sisi tumemwomba mwenye nyumba ruhusa tukapanda miembe miwili uani, ile ya kubebesha, inayozaa baada ya miaka mitatu, minne hivi. Mume wangu anasema atakayekula ni mpangaji ajaye. Sawa tu, naye atakuwa amefika na maboksi.