Mti Uliopinda Si Kuni

Limezuka neno katika vijiji vyetu vya Ugogo na Kondoa, nalo husemwa na watu wenye heshima, hata na walimu wenzangu, ya kwamba upinde hauchongwi ila kwa mti ulionyoka, usio na kifundo hata kimoja. Mwalimu mmoja aliwatuma watoto porini walete fito za kuchongea pinde katika kazi ya mikono. Walioleta fito zilizopinda walirudishwa, na fito zao zikaenda jikoni. Basi watoto wakashika mapanga, wakakata machipukizi yaliyo mazuri kuliko yote katika shamba la watu. Mwenye shamba alikasirika, wala simlaumu. Jina la mwalimu silitaji, kwa maana si yeye peke yake asemaye hivyo. Nimeyasikia maneno yayo hayo mnadani na barazani.

Mimi nasema neno hilo si kweli, tena lina madhara mawili: laharibu miti, na laharibu kazi.

Tuitazame miti kwanza. Nchi yetu hii ya kati hupata mvua ya msimu mmoja, yapata mwezi wa Desemba hata Aprili, nayo kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 550 hapa Dodoma. Mti hukua polepole. Mkole, ambao ndio mti unaojulikana sana kwetu kwa kazi ya pinde na fimbo, hauoti kama msonobari. Hutoa mashina mengi toka chini, moja limeinama huku, jingine limejipinda kule, kwa sababu limetafunwa na mbuzi, au limeungua moto, kisha likachipua tena. Mtu atafutaye mkole ulionyoka kama rula atazunguka siku nzima, na akiupata, ameukata ule mmoja ambao ungeweza kuwa mti mkubwa.

Wazee wa Kondoa hawajasahau jinsi ardhi yao ilivyoliwa na makorongo, hata Serikali ikaanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika ili majani na miti ipate kurudi. Na siku hizi wakulima wengi wa Dodoma wanafuata njia ya kisiki hai: mtu haotеshi mche mpya, bali huchagua machipukizi machache ya kisiki cha zamani, yaliyo imara na yaliyonyoka, akayaacha yakue, na mengine huyapogoa. Sasa nawauliza, hayo yanayopogolewa ni yapi? Ni yale yaliyopinda! Basi shina lililonyoka ndilo la kuachwa, na lililopinda ndilo la kukatwa, na mwalimu awaambiaye watoto kinyume cha hayo amevaa kanzu nyuma mbele. Nakubali kwamba machipukizi mengi yanayopogolewa ni membamba mno. Kwa upinde twahitaji shina lenye unene wa kiwiko cha mtoto au kupita, na urefu unaokaribia kimo cha mtu. Lakini visiki vya miaka mingi hutoa mashina ya namna hiyo, nasi twayatia motoni kila siku.

Na kazi je? Hapa ndipo kosa lao lilipo kubwa zaidi, kwa kuwa hawajui nguvu ya upinde hutoka wapi. Mti ni kama mzigo wa nyuzi zilizofungwa pamoja, zinazotoka mizizini kwenda juu. Upinde ukivutwa, mgongo wake, yaani upande ulio mbali na mpigaji, hunyoshwa. Na tumbo lake, upande unaomwelekea, hubanwa. Uzi uliopita mzima toka ncha hata ncha huvumilia. Uzi uliokatwa katikati huinuka kama kibanzi, na hapo ndipo upinde uvunjikapo. Basi mtu akichukua mti uliopinda akauchonga kwa panga mpaka uonekane umenyoka, amekata nyuzi zake mahali pa kila pindo. Umenyoka machoni, na ndani umekufa. Watoto wakiuvuta, kipande chaweza kuruka kikampata mmoja wao jichoni. Kisha watasema mkole ni mti mbaya.

Tena kuna miti iliyonyoka kwa nje, na nyuzi zake ndani zimejisokota kama kamba. Ukiuacha ukauke, utaona nyufa zake zinauzunguka mti badala ya kushuka wima. Mti kama huo, mnyofu kama ulivyo, haufai.

Kanuni basi ni moja: fuata nyuzi, usifuate rula. Kata shina wakati wa kiangazi, majani yakiisha kupukutika. Paka mafuta au udongo katika ncha zake mbili usipasuke, uliweke kivulini miezi kadhaa, wala usilianike juani. Likisha kukauka, bandua gome taratibu, na upande utakaokuwa mgongo usiuguse tena kwa tezo wala kwa kisu. Kazi yote ya kupunguza ifanyike upande wa tumbo na ubavuni. Shina likienda kushoto, mkono wako na uende kushoto pamoja nalo. Likirudi kulia, rudi. Upinde utatoka umejinyonganyonga kama njia ya ng'ombe, na mjinga atacheka. Mwache acheke. Tazama jambo moja tu: ukifunga uzi toka ncha hata ncha, je, uzi unapita katikati ya mahali pa kushika? Ukipita hapo, mapindo mengine yote hayana neno.

Sasa kifundo. Nyuzi hukizunguka kifundo kama maji ya korongo yanavyolizunguka jiwe. Mwenye haraka hukifuta kwa tezo ili pawe laini, naye huwa amezikata nyuzi zote zilizokuwa zikipita kando yake. Fundi hukiacha kitune, tena huacha mti mwingi kidogo pande zake zote, ili mahali hapo pasipinde sana. Lakini si kila kifundo cha kuhurumiwa. Kichome kwa ncha ya kisu. Kikiwa kigumu, kiache. Kikiwa laini kama jibini, au kimetoboka, mti huo nitauchoma mimi mwenyewe, wala sitabishana na mtu.

Wapinzani wangu hupenda kunitajia methali, Samaki mkunje angali mbichi, kana kwamba mti mkavu haukunjiki. Methali ni njema kwa samaki. Mti mkavu uliopinda mahali pabaya hupakwa mafuta ya mnyama, ukashikwa juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, ukageuzwa mpaka joto liingie ndani, kisha ukakazwa katika panda ya mti na kushikwa hapo hata upoe. Ukitoka hapo umekuja ulikotaka uje. Mti mbichi ndio udanganyao, kwa kuwa waukunja leo, na kesho umerudi kwake.

Mwisho wa kazi ni kusawazisha, na hapa fito zilizopinda zinahitaji uvumilivu kweli. Funga uzi kwa ulegevu, vuta kidogo tu, mwenzako asimame mbali atazame. Mkono ulio mgumu upunguze tumboni, kisha vuta tena. Usitamani kuona duara nzuri kama ya mwezi. Mti uliokuwa na nundu kabla ya kuvutwa utakuwa na nundu hata ukivutwa; la kutazama ni kwamba kila mahali pamekubali kupinda kadiri yake, wala hapana mahali pamoja palipobeba kazi ya wengine. Fundi asiye na haraka hupapasa unene kwa vidole, maana macho hudanganywa na mapindo.

Wala msidhani hii ni shauri yangu tu. Wahadzabe wa pande za ziwa Eyasi, ambao kwao kila mwanamume huchonga upinde wake mwenyewe, huipasha moto fito za mishale yao na kuinyosha kwa meno. Fikirini basi: mshale ndio upasao kunyoka, nao haukuzaliwa umenyoka, umenyoshwa, itakuwaje tuudai unyofu kwa upinde, ambao kazi yake ni kupinda? Wasandawe wa Kwa Mtoro wamejulikana kwa upinde tangu zamani, na katika michoro ya mapangoni huko Kolo, iliyoandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, wamo watu wenye pinde. Na kama mtu haamini mpaka asikie habari ya Ulaya, basi meli ya vita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama mwaka 1545 ikainuliwa mwaka 1982, na pinde nzima zaidi ya 130 zilikutwa mle. Mafundi wale walikuwa na zana za chuma na miti ya kuchagua, nao waliviacha vifundo vitune mgongoni mwa pinde zao, kwa sababu ile ile niliyoieleza.

Labda mtu atasema, "Mwalimu, kuwinda bila kibali kumekatazwa, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 i wazi; ya nini kuwafundisha watoto pinde?" Siwafundishi kuwinda, na atakayekwenda porini kinyume cha sheria asilitaje jina langu. Lakini mtoto aliyejua kufuata uzi wa mti atachonga mpini wa jembe usiovunjika, na mpini hauna kibali. Tena pinde zinauzwa kwa wageni, na nyingi nilizoziona ni vijiti vilivyosuguliwa vikang'aa, vimefungwa uzi, visivyoweza kurusha mshale hatua ishirini. Mgeni hulipa, hucheka, huondoka nacho, na huko kwao watu husema, hivi ndivyo pinde za watu wa Dodoma zilivyo. Hilo laniuma kuliko lile la mapanga.

Isaka alipomtuma Esau achukue podo na upinde wake, hatusomi kwamba upinde ule ulikuwa mnyofu. Lakini hayo niyaache, wasije wakasema nahubiri.

Kiangazi kikija, mwalimu atakaye kazi hii asiwatume watoto porini na mapanga. Na amwendee kwanza mkulima apogoaye visiki vyake, amwombe mashina aliyokusudia kuyatupa, ayatazame moja moja, ajaribu vifundo kwa ncha ya kisu. Akipewa ishirini, matano hayatafaa na matano yatapasuka katika kukauka. Kumi yaliyosalia yatawatosha watoto wake kwa kazi ya mwaka.