TUWARUDISHIE USUKANI WAO



Mnajua wote kwamba tangu juma lililopita kuna usukani mmoja umefungiwa katika kabati ya biro ya disipline. Mnajua tena nani aliupeleka kule: ni mimi, doyen wenu. Saa ya etude niliwakuta vijana wane nyuma ya ateliye, wako na usukani, mbao za benchi na ordinateri moja ya zamani. Nikauliza: «Hii ni kitu gani?» Wakajibu: «Doyen, tunatengeneza mashini ya kushindana mbio za motokari.» Nikabeba usukani bila kusikiliza neno lingine. Leo nataka kusema mbele yenu kwamba nilikosea nusu.

Nusu ambayo sikukosea ni hii: saa ya etude ni ya etude, na benchi, hata ikivunjika, ni mali ya masomo, haichukuliwe bila kuomba. Juu ya hayo sirudi nyuma.

Lakini ndani ya mfuko wa usukani mulikuwa daftari yao. Usiku nikaisoma. Ndugu zangu, sikukuta mchezo mule. Nilikuta fizika.

Mashini za namna hii si kitu cha jana. Kompani Atari ya Marekani ilitoa Gran Trak 10 katika mwaka 1974, na mashini ile ilikuwa tayari na usukani na pedali. Katika 1986 Sega ya Japani ilitoa OutRun. Mwaka ule ule Atari ilitoa Super Sprint, yenye sukani tatu kwa wachezaji watatu. Leo kuna watu, huko Marekani na Ulaya, wanaojijengea kabati la namna hiyo nyumbani kwa mbao, wanaweka ordinateri ndani, na kutafuta usukani wa kuifaa. Hapo njo shida inaanza, maana sukani si za namna moja.

Kuna ule unaofika mwisho na kusimama, kama wa OutRun. Ndani yake muko potansiometri, ndugu ya ile reosta tuliyoiona katika somo la umeme: kidole kidogo cha chuma kinatembea juu ya njia yenye uzito wa umeme, na volti inayotoka inasema usukani uko wapi. Na kuna ule unaozunguka bila mwisho, kama wa Super Sprint. Huo hausemi uko wapi. Unasema tu umepinda kiasi gani, upande gani, kwa kuhesabu matundu ya sahani ndogo yanayopita mbele ya taa. Ukiweka wa kwanza pahali pa wa pili, gari itakwenda ovyo. Vijana wetu walichagua wa kwanza, na waliandika sababu.

Usukani wao ulikuwa mchezo wa mtoto. Ulipinda digrii 180 tu, na potansiometri yake ilikuwa imekufa. Wakatoa nyingine katika radio mbovu, ile ya kuongeza sauti. Wakapima kwa ommetri: mwanzo 0, mwisho om 10 000. Vizuri. Lakini katikati, pahali walipongojea 5 000, wakapata 1 200! Wakapima tena mara tatu, ni vile vile. Mmoja akaandika kwa kalamu nyekundu: «Juu ya nini?»

Mimi nilijua jibu? Hapana. Wao walilitafuta na wakalipata. Potansiometri nyingi za sauti hazipandi sawasawa. Zinapanda polepole kwanza, halafu haraka, kwa kufuata sikio la mutu. Ni logaritme ile ile tunayoilalamikia katika hesabu! Kwa sauti ni vizuri. Kwa motokari ni hatari: upande mmoja gari haitaki kupinda, upande mwingine inaruka katika shimo. Wakachora grafiki mbili, wakatafuta potansiometri inayopanda sawasawa, na wakaipata.

Tena wakafikiri juu ya nguvu. Mutu akicheza anavuta usukani kwa mikono miwili. Potansiometri ni kitu kidogo, inapinda karibu digrii 270 basi. Ukiisukuma kupita mwisho inavunjika. Kwa hiyo waliondoa chuma cha plastiki, wakaweka chuma cha kweli juu ya gololi za kinga, na vipande viwili vya mbao vinavyozuia usukani kwenye digrii 260. Hivyo mbao inapokea nguvu, potansiometri inapumzika. Waliacha digrii 5 kila upande. Nani aliwafundisha busara hii? Hakuna aliyewalazimisha.

Kadi ya kuunganisha na ordinateri ni Arduino Leonardo. Inagawanya volti kwa hatua 1 024, na ordinateri inaiona kama usukani wa kununua. Mchezo ni SuperTuxKart, ambao wenyewe wameutoa huru kwa wote. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaonakili michezo ya wenyewe bila ruhusa, na huo ni wizi hata kama hakuna mlango uliovunjwa. Hawa wetu hawakufanya vile.

Najua wengine watasema: «Doyen, wewe unatetea michezo, na egzame ya Leta inakaribia.» Wako na haki ya kuuliza. Mimi pia nitakaa mbele ya egzame ile. Lakini hebu niulize nami: ni wangapi kati yetu wanaweza kuandika kanuni ya Ohm kwenye ubao bila kosa, na hawajagusa ommetri hata siku moja? Mimi ni mmoja wao. Nilipata pointi nzuri juu ya reosta, na juma lililopita nilishika reosta mkononi pasipo kuijua. Hii inanipa haya kuliko kitu kingine.

Kucheza kunachukua dakika kumi, halafu mutu anachoka. Kutengeneza kumewachukua miezi miwili, na kila siku wamejifunza.

Kwa hiyo naomba hivi. Walimu wetu wawarudishie usukani. Ateliye ifunguliwe kwao siku ya posho, saa mbili tu, mwalimu wa fizika akiwa pale. Benchi walilochukua walitengeneze kwanza. Na siku mashini itakapotembea, mutu asicheze kabla hajaeleza kwa nini potansiometri ya radio ilishindwa. Tutaona mustari utakuwa murefu namna gani!

Nanyi vijana wane, mnisamehe. Nilikuwa na kazi ya kuwazuia, lakini nilikuwa tena na kazi ya kuwauliza. Ya pili sikuifanya.

Ni mimi, doyen wenu, mwaka wa mwisho.