Aliyepasuliwa moyo asiache kliniki

Darasani kwangu yumo mtoto aliyezaliwa na chumba kimoja tu cha moyo cha kusukuma damu badala ya viwili. Alipasuliwa, sasa anacheza, na wazazi wameacha kliniki wakisema amepona. Hajapona!

Upasuaji huo, aliouanzisha daktari Mfaransa Francis Fontan mwaka 1968, hupeleka damu itokayo mwilini moja kwa moja mapafuni bila kusukumwa na moyo. Damu hubanana mishipani, na miaka ikipita ini hukakamaa kimyakimya, mapigo ya moyo nayo huweza kuvurugika.

Nauli ya Dar es Salaam ni mzigo kwa mkulima. Je, Wizara ya Afya haiwezi kupanga watoto hawa wapimwe ini na moyo kwenye hospitali za mikoa?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Handeni.